Mwalimu Bora wa Tiba ya Mazungumzo Tutamjuaje?

Fomu ya kumpigia kura mwalimu bora wa mwaka ilipoingia kwenye grupu la darasa letu, niliijaza ndani ya dakika mbili, halafu nikakwama kabla ya kuituma. Maswali yalikuwa yale yale ya kila mwaka. Mwalimu anafika kwa wakati? Anaeleweka? Slaidi zake zimepangika? Anarudisha matokeo ya majaribio mapema? Ana lugha nzuri kwa wanafunzi? Kwa mwalimu wa fiziolojia, fomu hiyo inatosha kabisa. Lakini mwalimu niliyetaka kumpigia kura mimi hana slaidi hata moja. Hatoi desa. Darasa lake lina wanafunzi wanne kwenye chumba chenye feni mbovu, na feni yenyewe tunaizima hata mwezi wa pili, joto likiwa limepamba moto, ili tusikie vizuri. Anachotufundisha ni namna ya kukaa na mtu anayelia bila kumkimbia.

Nasomea saikolojia tiba. Nikiwaambia watu hivyo, wengi wanauliza kama ninaweza kusoma mawazo yao, na wachache wanauliza kama kuna ajira. Kwa hiyo nieleze kwanza. Tiba ya mazungumzo si kumpa mtu ushauri. Maneno "ushauri nasaha" yalituingia sana masikioni enzi za kampeni za UKIMWI, yakatuachia picha ya mtu aliyekaa nyuma ya meza akimwambia mwenzake la kufanya. Tiba hii ni vikao vya kila wiki, ambapo mtu mwenye sonona, au hofu isiyoisha, au jeraha la tukio baya, anasaidiwa kwa mpango maalumu kuyatazama mawazo, hisia na mazoea yanayomtesa, na kuyabadilisha kidogo kidogo. Mbinu zake zimeandikwa vitabuni. Unaweza kuzikariri usiku mmoja ukapata A. Tatizo ni kwamba mteja hajakisoma kitabu hicho. Anakuja na ya kwake, kwa maneno yake, na anaweza kulisema jambo kubwa kuliko yote wakati ameshashika kitasa cha mlango.

Ndiyo maana fani hii haifundishwi kwa mihadhara peke yake. Mwanafunzi anaonana na wateja halisi, kisha anakaa na msimamizi wake, kwa kawaida mara moja kwa wiki, wanapitia kilichotokea. Nani alisema nini? Wewe ulijibu nini? Mbona ulicheka hapo? Utaratibu huu una zaidi ya miaka mia moja. Kliniki ya uchanganuzi nafsia iliyofunguliwa Berlin mwaka 1920, Max Eitingon akiwa mmoja wa waasisi wake, ndiyo iliyoufanya usimamizi kuwa nguzo ya mafunzo, pamoja na nadharia na tiba ya mwanafunzi mwenyewe. Mwaka 1942 Carl Rogers, kule Marekani, alichapisha tiba ya mtu mmoja kutoka kikao cha kwanza hadi cha mwisho, neno kwa neno, kama ilivyorekodiwa kwenye sahani za santuri. Kabla ya kurekodi, mwalimu alitegemea kumbukumbu ya mwanafunzi tu. Na kumbukumbu ya mwanafunzi ina tabia moja: inamtetea mwenye nayo.

Mwingereza Brigid Proctor, miaka ya 1980, aliigawa kazi ya msimamizi katika sehemu tatu, na mgawanyo wake bado unatumika: kumfundisha mwanafunzi, kulinda viwango ili mteja asiumizwe, na kumrudishia mwanafunzi nguvu, kwa sababu kusikiliza maumivu ya watu kunachosha. Fomu yetu ya kura inagusa sehemu ya kwanza tu, tena nusu yake. Mimi nadhani hata hizo tatu haziwezi kufanyika kama kitu kimoja hakipo: mwanafunzi kuthubutu kusema alichokosea.

Kuna utafiti wa Nicholas Ladany na wenzake, uliochapishwa mwaka 1996. Waliwauliza wanafunzi 108 wa tiba, wote wakiwa chini ya usimamizi, kama kuna mambo wanawaficha wasimamizi wao. Asilimia 97 walikiri kwamba yapo. Wengi walificha mambo yaliyohusu wasimamizi wenyewe. Wengine walificha makosa waliyofanya kwa wateja. Hao ni Wamarekani, ambao wanawaita maprofesa wao kwa majina ya kwanza na hawajawahi kumwamkia mtu shikamoo. Sasa jiweke mahali pangu. Umelelewa kutomkatisha mkubwa akizungumza. Mtu huyo unamwita Daktari, unasimama akiingia, na ndiye atakayetia saini alama zako za mafunzo kwa vitendo. Yaani unatakiwa uende kwake kwa miguu yako mwenyewe ukamwambie, "Leo nilimharibia mteja." Bumu unalitegemea, nyumbani wanasubiri umalize, halafu ujichome mwenyewe?

Mimi nilikaribia sana kutosema. Nitaeleza, ila nimebadilisha mambo mengi ili mhusika asitambulike, hata na jirani yake.

Alikuwa mama mfanyabiashara, mkubwa kwangu kwa miaka ishirini hivi. Tulikuwa kikao cha tatu. Katikati ya kueleza madeni yake akasema taratibu, "Nimechoka, mwanangu. Kuna siku natamani nilale nisiamke." Nilisikia. Nilisikia vizuri kabisa. Darasani tulishafundishwa kwamba hapo unasimama, unauliza waziwazi kama amefikiria kujiua, kwa njia gani, na kama ana kitu cha kufanyia. Tulifundishwa pia kwamba kumuuliza mtu hakumpandikizii wazo hilo. Tafiti zimerudia kuonyesha hivyo, na watu wengi hupata nafuu kwa kuulizwa tu. Swali hilo nilishalijibu kwenye mtihani nikapata alama zote. Kwenye kiti nikasema, "Pole sana mama, Mungu ni mwema," nikaangalia saa, nikahamia kwenye maswali ya usingizi. Jioni nikaandika kwenye jalada: hana mawazo ya kujiua.

Kikao cha usimamizi kilikuwa kesho yake. Mwalimu alisoma maelezo yangu, akafika kwenye mstari ule, akaniuliza, "Alijibuje ulipomuuliza?"

Hakuuliza kama nilimuuliza. Aliuliza alijibuje. Ningeweza kutunga jibu, na kusema ukweli lilikuwa limeshafika mdomoni. Wenzangu watatu walikuwa wanatazama sakafu. Kilichonizuia ni jambo dogo la wiki mbili nyuma, pale mwalimu mwenyewe alipotusimulia jinsi alivyokuwa mwanafunzi akasinzia mbele ya mteja, na siku alipomwambia msimamizi wake. Hakusimulia kwa kujisifu wala kwa kuchekesha. Alituambia tu kwamba ilitokea, na kwamba kesho yake alirudi kazini.

"Sikumuuliza, Daktari."

Akanyamaza kidogo. "Uliogopa nini?"

"Niliogopa atasema ndiyo."

"Hata mimi ningeogopa. Ana simu? Tumpigie sasa hivi."

Tukampigia, mimi nikizungumza na yeye akiwa amekaa pembeni. Nikamuuliza kwa maneno ya kawaida kabisa. Upande wa pili ukawa kimya, nikisikia watu wakinadi bei kwa nyuma, kisha akasema ndiyo, amewahi kufikiria, na kwamba nilikuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Kesho yake asubuhi alikuja na dada yake. Tukapanga pamoja nani atalala naye siku zile, dawa za ndani zitatunzwa na nani, na atampigia nani usiku ikimzidia. Baada ya hapo mwalimu alinirudishia jalada. Akaniambia nisifute ule mstari wa uongo. Nilichore mstari mmoja juu yake ili uendelee kusomeka, niandike ukweli chini yake, niweke tarehe na kutia saini. Kwenye ripoti yangu ya mafunzo hakulificha kosa hilo. Alama zilipungua. Mama yule tuliendelea naye hadi tukamaliza, na mara ya mwisho tulipoonana alinilalamikia kodi ya fremu kwa nusu saa nzima.

Kuna jambo jingine linalozifunga midomo ya watu, nalo si malezi tu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Mteja anayejua kwamba jaribio linaweza kumpeleka polisi ana sababu ya kukaa kimya. Mwanafunzi naye ana sababu ya kutotaka kusikia. Msimamizi ndiye anayefanya kazi dhidi ya vimya hivyo viwili kwa wakati mmoja.

Ukitazama, mababu zetu wa pwani walilijua tatizo la heshima kufunga mdomo. Mwali hakuachiwa mama yake peke yake. Alipewa somo, au kungwi, mwanamke mzima ambaye mwali angeweza kumuuliza yale asiyoweza kumuuliza mama. Sipendi kila kilichofundishwa unyagoni, lakini mpangilio wenyewe ulikuwa na akili: anayekutaka utii na anayepokea siri zako ni watu wawili tofauti. Hata mjukuu na babu wana utani wao ambao mtoto na baba hawana. Sisi vyuoni tumechukua kazi zote mbili tukampa mtu mmoja, kisha tukamkabidhi na kalamu ya alama. Halafu tunashangaa kwa nini wanafunzi wanaleta majalada masafi.

Chini ya jengo ninalopanga, Mtaa wa Msimbazi, kuna fundi cherehani mwenye vijana wanne wanaojifunza kwake. Nikitoka chuoni kwa miguu, nikishapita mataa ya Faya na kuanza kuingia Kariakoo, huwa naishia kwenye benchi lake kupumzika. Jioni moja kijana mmoja alimletea kitenge alichokikosea kukata. Fundi alikigeuza mara mbili, akakuna kichwa, akamwambia hapa mikono mifupi itatoka, mpigie mteja umuulize kama anaridhia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakufoka, alinishangaa. Akifoka, alisema, kitenge kinachofuata kitafichwa chini ya meza hadi siku ya harusi. Nimesoma kurasa nyingi za nadharia ya usimamizi ambazo hazikunieleza jambo hilo vizuri zaidi.

Ukiishi huku, swali la nani atafundishwa kusikiliza watu haliwi la kitabuni. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua, na kuna watu waliotazama mtaji wa maisha yao ukigeuka moshi. Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaanguka hapa hapa Kariakoo, watu wakafa, wengine wakatolewa hai baada ya saa nyingi chini ya kifusi. Wanaokumbuka siku zile bado wanauza mashati na vyombo kwenye mitaa ile ile. Wataalamu wa saikolojia tiba hawawezi kuwatosha, na hawatawatosha karibuni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi itafanywa na watu waliopewa mafunzo mafupi, na ubora wao utategemea nani anawasimamia.

Mfano unaotajwa sana ni wa Zimbabwe. Daktari Dixon Chibanda alimpoteza mgonjwa kwa kujiua mwaka 2005. Mgonjwa huyo hakuwa na nauli ya kumfikia hospitali. Mwaka uliofuata akaanza kazi Mbare, Harare, na mabibi 14 waliofundishwa kusikiliza watu kwenye benchi nje ya zahanati. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye washiriki 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita dalili za sonona zilibaki kwa asilimia 14 hivi ya waliokaa kwenye benchi, dhidi ya asilimia 50 ya waliopata huduma ya kawaida. Kila mtu huwasifu wale mabibi, na wanastahili. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mabibi hao walikuwa wakisimamiwa. Karibu zaidi na sisi, Moshi na Bungoma nchini Kenya, washauri wasio wataalamu walifundishwa kuwasaidia watoto waliofiwa na wazazi. Utafiti wao, wenye watoto 640, ulitoka mwaka 2020, na katika maeneo matatu kati ya manne watoto waliopata tiba hiyo walikuwa na nafuu kubwa zaidi tiba ilipokwisha. Vikao vya vikundi vilikuwa 12, na washauri walikuwa na usimamizi wa mara kwa mara, kesi kwa kesi.

Mtu anaweza kuuliza: usimamizi kweli unamfikia mteja, au ni faraja ya mwanafunzi tu? Matthew Bambling na wenzake, Australia, walilipima hilo kwa wateja 127 wenye sonona, na mwaka 2006 wakaripoti kwamba wateja wa watibabu waliosimamiwa walipata nafuu zaidi, na walidumu zaidi kwenye tiba, kuliko wa wale wasiosimamiwa. Utafiti mmoja hautoshi kumaliza ubishi, ila unatosha kuonyesha kwamba saa ile ya chumba cha feni mbovu haiwahusu wanafunzi wanne peke yao.

Sasa turudi kwenye kura. Mwalimu wa darasa la watu mia tatu ana wapiga kura mia tatu. Wa kwangu ana wanne. Hilo lingerekebishika kwa kuhesabu asilimia. Gumu zaidi ni usiri. Fomu inasema majibu hayatajulikana ni ya nani, lakini ukiwa na wanafunzi wanne, na mmoja wao anaandika Kiswahili cha Tanga, siri gani hiyo? Kwa hiyo wote tunaandika "vizuri sana" kwa kila swali. Msimamizi mzuri na msimamizi wa kuogopwa wanapata majibu yanayofanana kabisa. Na saa anazokaa nasi kuanzia saa kumi na moja jioni hazionekani kwenye ratiba ya vipindi, ambayo ndiyo inayotazamwa watu wakipandishwa vyeo.

Pendekezo langu kwa serikali ya wanafunzi, na kwa ofisi zinazotoa vyeti hivyo kila mwaka, ni kwamba kwa kozi za namna hii waulizwe waliokwisha kuhitimu, mwaka mmoja au miwili baadaye, wakati alama haziwezi tena kuguswa. Wasiulizwe maswali ishirini. Waulizwe hili: uliwahi kumweleza msimamizi wako kosa ambalo asingelijua bila wewe kumwambia, na baada ya hapo alimfanyia nini mteja wako, na alikufanyia nini wewe? Na saa za usimamizi zihesabiwe kuwa saa za kufundisha. Najua hilo la pili linahitaji vikao na mihuri mingi.

Rafiki yangu wa sheria, ambaye hawezi kukubali kitu bila kukibishia, aliniambia kwamba swali langu litawapa ushindi walimu wapole wanaosamehe kila kitu. Nimelifikiria sana, kwa sababu walimu wa namna hiyo wapo, na ni watamu kweli. Unatoka kwao umefarijika, mteja wako yuko pale pale. Ndiyo maana nimeweka mteja kwanza kwenye swali. Mwalimu wangu hakunisamehe. Alinipunguzia alama, na ile karatasi yenye mstari uliochorwa bado iko kwenye jalada. Ila kabla ya kugusa alama alishika simu.

Akaniuliza pia, na hapa alinibana zaidi, itakuwaje kwa mwanafunzi ambaye hakuwahi kukiri kosa lolote kwa sababu hakukosea. Nikamwambia bado sijakutana naye.

Fomu ilikuwa na kisanduku cha "maoni mengine," herufi mia tatu tu. Niliandika nikafuta mara kadhaa nikiwa kwenye benchi la fundi, mpaka mmoja wa wale vijana akaniuliza kama naandika barua ya posa. Mwisho niliacha sentensi moja: aliniuliza alijibuje, na nikaweza kumwambia kwamba sikuuliza. Nikatuma. Watakaohesabu kura sidhani kama wataelewa. Jumatatu tuna kikao tena, na kwenye rekodi ya wiki hii, dakika ya kumi na nane, kuna mahali nilimkatisha mteja. Nimeshaisikiliza mara tatu, na bado natafuta namna ya kuanza kumweleza.